Biblia Habari Njema kwa kikundi cha vijana: inafaa, ila usitupe Union Version

Vikundi vya vijana vya Kisumu na Nakuru huanza mjadala kwa Kiswahili, vikapitia Sheng, vikaishia kwa Kijaluo au Kikuyu. Kwa kusoma pamoja katika hali hiyo, Biblia Habari Njema inaishinda Union Version, tafsiri ya Kiswahili ya 1952. Mpe mwanafunzi wa sekondari Yakobo 1:3 katika Union Version: atafika kwenye "saburi", ataitamka vizuri, atakaa chini, na hana la kusema. Habari Njema inaandika "uvumilivu". Hapo mtu anaanza kuzungumzia karo na matokeo ya mtihani.

Nakala moja kwa watu wawili inatosha. Kikundi cha 12 kinunue sita. Kila mtu akifungua simu yake, tafsiri zinachanganyika na nusu ya kipindi inapotea mkiulizana nani yuko mstari upi.

Vichwa vidogo vinasaidia kutafuta, lakini si sehemu ya Maandiko, na vijana huvisoma kwa sauti kama mstari. Kiongozi aseme mapema viachwe. Marko 4 ndiyo mahali pa kuwa mwangalifu zaidi: mfano wa mpanzi unaishia mstari wa 9, na maelezo ya Yesu yanaanza wa 13. Someni hadi wa 9, fungeni vitabu, ulizeni kila mmoja udongo wake ni upi. Mkiendelea moja kwa moja mtapata majibu ya kukariri tu.

Kasoro kubwa iko Wagalatia 5. Union Version inasema "matendo ya mwili", Habari Njema "matendo ya kidunia". Neno hilo linawapeleka vijana moja kwa moja kwenye disko, mavazi na miziki, wakati orodha yenyewe ina wivu, hasira na ugomvi, mambo ambayo hata kwaya inayo (kwaya hasa). Pingamizi la mwili na Roho, ambalo ndilo kiini cha sura hiyo, linafifia. Kwa hiyo wekeni Union Version mbili mezani, na sura hiyo isomwe mara mbili. Kisha mweleze "ufisadi" wa mstari wa 19: kijana wa leo anawaza pesa za kaunti, kumbe hapo ni uasherati usio na aibu. Bila sentensi hiyo moja, mjadala unahamia siasa na haurudi.

Kwa kazi ya kila wiki, nyota nne kati ya tano.

Kabla ya kulipa, angalia jalada. Kuna toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni (vile vya ziada vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki), linalowafaa YCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, na Wakatoliki kwa jumla, na lile la vitabu 66. Kikundi chenye matoleo yote mawili kitaje sura na mstari. Namba za kurasa hazitalingana.