Nanga mpya ya kilo 20 katika safari ya siku 12: iliposhika, ilipoburura na iliponasa

Nanga hii ninayo tangu mwanzo wa msimu, lakini mtihani wake hasa ulikuwa safari ya siku 12 tuliyofanya watu watatu: mimi, mke wangu na kaka yake. Chombo chetu ni boti ya matanga ya mita 11, tani 7 hivi ikijaa maji na chakula. Tulitia nanga mara 17. Iliburura mara mbili, yaani ilikokotwa chini bila kushika, na mara moja ilinasa ikakataa kabisa kutoka. Mara hizo tatu ndizo zilizonifundisha zaidi, na mbili kati yake siwezi kuilaumu nanga.

Kwanza niieleze ilivyo. Ina kombe moja pana lililobonyea kama sepeto, ncha nzito yenye makali, na juu yake tao la bomba linaloizuia kulala chali. Tao la aina hii lilijulikana kupitia nanga ya Bügel ya Ujerumani katika miaka ya 1980, na siku hizi viwanda vingi vinalitumia. Kabla yake nilikuwa na nanga ya jembe ya kilo 16, ile yenye kiungo kinachocheza kati ya kombe na mti, yaani mkono mrefu unaofungwa mnyororo. Umbo lile lilibuniwa mwaka 1933 na mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor kwa ajili ya ndege zinazotua majini, ambazo haziwezi kubeba chuma kizito. Ni umbo lililowalaza mabaharia wengi salama na ninaliheshimu. Ila yangu, nakala ya kiwanda kingine, kwenye mchanga mgumu ilikuwa ikilala ubavu na kuteleza mita 10 hata 15 kabla ya kuingia, na usiku wa upepo nilikuwa nakesha nayo.

Ukitaka kununua yenye tao, chukua kwanza vipimo vya omo, yaani sehemu ya mbele, ya boti yako. Yangu ilipofika, tao liligonga reli ya mbele, na mti ulikuwa mpana kuliko roda ya zamani, kile kigurudumu cha mbele kinachopitisha mnyororo. Nililazimika kubadilisha roda na kusogeza nguzo moja ya reli. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya nanga, na hakuna muuzaji aliyenidokezea.

Kwenye mchanga, sina la kulalamika. Siku ya pili, kwenye ghuba yenye maji maangavu ya mita 5, nilivaa miwani nikaogelea kuifuata. Nilikuta mfereji mmoja mfupi, haufiki mita mbili, na mwisho wake mchanga umeinuka kama kichuguu. Kombe lilikuwa limezama lote. Kilichoonekana ni nusu ya tao tu na kipande cha mti, na kutoka hapo mnyororo umelala chini, pete baada ya pete, bila kutikisika. Nilibaki pale nikiutazama mpaka pumzi ikaniishia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusafiri kwa matanga, nilikwenda kulala bila kuamka kila saa moja kuchungulia nje.

Naamini usingizi ule ndio uliotuponza usiku wa tano.

Tulifika jioni tumechoka, maji yamekupwa. Kipima kina kilionyesha mita 4. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, mnyororo uwe mara tano ya kina: nne mara tano, ishirini. Tukamwaga mita 20 za mnyororo, nikaweka king'ora cha nanga kwenye simu, kinacholia boti ikitoka nje ya duara uliloliweka, tukala, tukalala. Upepo ulikuwa wa kilomita 20 kwa saa, wa kawaida kabisa.

Saa nane usiku shemeji alinitikisa bega. Alikuwa ametoka nje kujisaidia. "Shemeji, ile taa ya ufukweni si ilikuwa kushoto kwetu? Mbona sasa iko nyuma?" Nilipotoa kichwa nje nilihisi upepo tofauti usoni, na boti haikuwa ikielekeza omo kwenye upepo kama inavyotakiwa; ilikuwa imekaa ubavu, inasukumwa polepole. Niliweka kiganja juu ya mnyororo. Ulikuwa unatetemeka, unakwaruza, unatulia kidogo, kisha unakwaruza tena. Ukishika mnyororo ukausikia hivyo, usisubiri simu ikuambie. Nanga inaburura.

Simu haikuwa imelia. Nilikuwa nimewasha king'ora baada ya boti kurudi nyuma na kutulia, si pale nanga ilipoangukia, kwa hiyo katikati ya duara ilikuwa mahali pasipo sahihi. Kwa kuogopa isitusumbue na kelele za bure, nikalipanua duara kupita kiasi. Siku hizi mke wangu anabonyeza kitufe sekunde ileile nanga inapogusa chini, halafu ndipo tunarudi nyuma.

Tuliwasha injini, tukaipandisha nanga gizani, tukairudisha mahali pazuri zaidi na kumwaga mita 40. Ilishika mara moja na haikusogea tena hadi asubuhi, katika upepo uleule. Hapo ndipo nilipokaa na kalamu kuipiga hesabu upya. Kina cha jioni kilikuwa mita 4, lakini maji yalijaa kwa mita 2 usiku. Mnyororo nao hauanzii usawa wa maji, unaanzia kwenye roda, mita 1 juu. Jumla ni mita 7. Mita zangu 20 hazikufika hata mara tatu ya hapo, wakati nilidhani nina tano. Nilihitaji 35. Na upepo ulipopanda kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, nguvu ya kusukuma boti haikuongezeka maradufu; iliongezeka mara nne, maana nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi yake.

Wengi tunasema uzito wa mnyororo ndio unaoshikilia boti. Ni kweli upepo ukiwa mdogo. Wangu ni wa milimita 8, kilo 1.4 hivi kwa kila mita, kwa hiyo mita zile 20 zilikuwa na kilo 28 tu, uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Upepo mkali unaunyanyua wote na kuunyoosha kama nondo. Hapo kinachobaki ni pembe: mnyororo mrefu unaivuta nanga kwa ulalo, nayo inazidi kuchimba, mfupi unaivuta kwenda juu, na kuivuta juu ndiyo njia ileile tunayotumia kuing'oa asubuhi. Hakuna nanga, ya bei yoyote, itakayokutetea hapo. Wenye amari ya kamba badala ya mnyororo wanahitaji zaidi, mara saba.

Mara ya pili ilikuwa siku ya nane, na hii naihesabu kuwa udhaifu wa nanga yenyewe, ingawa nami nilichangia. Chini palikuwa na tope zito lenye mabaka ya majani ya bahari. Upepo uligeuka ghafla, ukatoka upande wa pili kabisa. Nanga ya jembe niliyokuwa nayo hugeuka kwenye kiungo chake ikaendelea kuchimba, walau wakati mwingine. Hii ilichomoka na bonge la tope na mizizi limekwama kati ya kombe na tao, na ikishajaa namna hiyo haiwezi tena kuingia; inateleza juu ya tope kama sinia. Tulipoipandisha ilibidi shemeji achokonoe kwa fito robo saa nzima. Tao linalofanya isilale chali ndilo hilohilo linaloshika uchafu. Kama unapolala pana tope zaidi kuliko mchanga, na pepo za kugeuka, ningekushauri utazame zile zisizo na tao, ambazo ncha yake imetiwa madini ya risasi ili zijisimamishe zenyewe.

Lile bonge la majani liliniuma kwa sababu nyingine. Majani yale yanaota polepole mno, na ndimo samaki wadogo wanamojificha na kasa wanamolisha. Kila nanga inayoburura inaacha mfereji unaochukua miaka kujifunga. Nilikuwa naona mabaka meusi chini na bado nikatia, kwa kuwa mahali penye mchanga palikuwa mbali kidogo na ufuko. Sasa tunazunguka hadi tupate baka jeupe, hata kama jua limeshaanza kuzama na watu wana njaa.

Kunasa kulitokea siku ya kumi, kwenye miamba. Winchi, mashine ya kuvuta mnyororo, ilivuta, omo ikainama, mnyororo ukasimama wima, basi. Nilitaka kuendelea kubonyeza. Mke wangu akanizuia, na ninamshukuru, kwa sababu winchi haikutengenezwa kung'oa mwamba. Tulifunga mnyororo kwenye kigingi cha sitaha, tukaizungusha boti taratibu kwa injini kutoka pembe nyingine, na katika jaribio la nne ikaachia. Tangu siku hiyo, tukishuku mawe, nafunga kamba nyembamba kwenye tundu la nyuma ya kombe na boya dogo upande wa juu. Nanga ikinasa, inavutwa kinyumenyume kwa kamba ile. Ila kamba iwe na urefu unaofaa kina cha maji yakijaa, isielee ovyo ikaingia kwenye rafadha, panga la injini, ya mtu.

Kuna kitu kingine ambacho gharama yake ni ndogo sana karibu na ile ya nanga, nacho kimetusaidia karibu sawa nayo: kamba ya nailoni ya mita 8, ncha moja ikishika mnyororo kwa ndoano, nyingine ikifungwa kwenye kigingi. Nailoni inavutika. Bila kamba hiyo, kila wimbi likiinua omo mnyororo unakazika ghafla kwa kishindo, unaikaba winchi na kuitikisa nanga kule chini. Tukiifunga, kelele zinakwisha na boti inapumua.

Kuhusu kuishikiza: usiipige rivasi kwa nguvu mara tu inapofika chini. Tulijifunza kuiacha boti irudi nyuma na upepo, tumwage mnyororo kidogo kidogo usirundikane juu ya nanga, kisha rivasi ya chini kabisa, na mwisho tunapandisha mizunguko ya injini tukitazama vitu viwili ufukweni vilivyo kwenye mstari mmoja, mti na paa kwa mfano. Vikikaa kwenye mstari kwa nusu dakika, imeshika. Tumeacha pia kupigiana kelele. Aliye mbele anatumia mkono. Ngumi ni kusimama, kidole juu ni kupandisha, kiganja chini ni kumwaga. Upepo unayala maneno, na ule usiku wa tano tulikuwa tukisikia nusu tu ya tunachoambiana.

Taa nyeupe inayoonekana pande zote iwashwe kila usiku, hata ghubani mkiwa peke yenu. Iko kwenye kanuni ya 30 ya sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, na mchana ni tufe jeusi mbele.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa boti hii na kwa sehemu za mchanga tunazozipenda. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya tope na lile tao lisiloingia kwenye omo. Zinki iliyopakwa nchani imeanza kulika na chuma kinang'aa, jambo la kawaida kwa sehemu inayochimba mchanga kila siku, lakini nitaitazama mwaka hadi mwaka. Pingu inayounganisha mnyororo na nanga ilikuja bila waya wa kuzuia parafujo isifunguke. Siku ya sita niliikuta imelegea nusu mzunguko. Nimeifunga kwa waya wa chuma cha pua, mizunguko mitatu, na kila asubuhi nanga ikifika kwenye roda naugusa kwa kidole kabla hatujaondoka.