Kununua ardhi porini kwa kuishi na kuwekeza: aina sita, kuanzia bora hadi ya kuepuka

Tangazo la shamba la porini huanza na ukubwa na mandhari: ekari 40, mlima kwa nyuma, mto kwa mbali. Mambo mawili yanayoamua kama utaweza kuishi hapo, na kama utapata mnunuzi siku ukichoka, mara nyingi hayatajwi. La kwanza ni njia ambayo hakuna mtu mwenye uwezo wa kukufungia. La pili ni maji yanayofika mwisho wa kiangazi. Orodha hii imepangwa kwa hayo mawili. Bei kwa ekari imewekwa nyuma makusudi, maana porini ekari nzima huweza kuwa rahisi kuliko mita mia za barabara.

Kumbuka pia matangazo huchanganya vipimo: hekta 1 ni ekari 2.47, na ekari 1 ni mita za mraba 4,047. Dalali anayeruka kutoka kipimo kimoja hadi kingine ndani ya mazungumzo mamoja, mtake akuandikie.

1. Shamba la zamani lililowahi kukaliwa

Hii ndiyo ya kwanza, hata kama nyumba imebaki kuta. Familia iliyoishi mahali miaka 20 imekufanyia majaribio ambayo ungeyalipia mwenyewe: wanajua kisima hukauka mwezi gani, upepo mkali hutoka wapi, na bonde lipi hujaa maji. Njia yao ipo tayari, na mara nyingi ina historia ya matumizi inayokubalika kisheria. Ukilinganisha bei, usishindanishe shamba hili na pori tupu la jirani. Chukua bei ya pori, ongeza kisima, barabara na shimo la maji taka, kisha ndipo ulinganishe.

Matatizo yake ni ya uzee. Hati huwa bado ina jina la babu aliyefariki, na warithi wako sita huku mmoja hajulikani alipo. Saini tano hazitoshi. Paa la asbesto linahitaji watu wenye vifaa vya kuliondoa. Cha hatari zaidi ni josho la mifugo. Majosho ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 yalitumia dawa yenye aseniki, na sumu hiyo haiozi. Hubaki kwenye udongo na huweza kufika kwenye maji ya chini. Ukiona mfereji wa zege mwembamba wenye ngazi za kutokea upande mmoja, pima udongo na maji kabla ya jambo lingine lolote. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 za aseniki kwa lita. Kwa sampuli hiyohiyo pima floraidi (1.5), naitreti (50), chumvi, na bakteria wa kinyesi, ambao hawatakiwi kuwepo kabisa.

2. Pori tupu lenye barabara ya umma na maji ya kudumu

Hapa unaanza na ardhi safi, lakini kila kitu kinategemea kama maneno "barabara" na "maji" ni ya kweli.

Maji ya chemchemi au kijito hupimwa kwa ndoo na saa. Nenda mwisho wa kiangazi, elekeza maji yote kwenye bomba fupi, uweke ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 40, una lita 43,200 kwa siku, zaidi ya mahitaji ya nyumba yoyote. Lakini hata ikijaa kwa dakika 10 usiikimbie: hizo ni lita 2,880 kwa siku, na ukiwa na tangi la kukusanya usiku kucha familia inaishi vizuri. Chemchemi dhaifu isiyokatika inashinda kijito kikubwa kinachokauka miezi miwili. Muuzaji akisema njoo uone mvua ikishanyesha, hilo ni jibu tosha.

Mvua nayo ihesabiwe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka linakupa lita 60,000. Toa asilimia 20 ya kumwagika na uvukizi, zinabaki 48,000. Watu wanne wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku wanahitaji 73,000 kwa mwaka. Kwa hiyo paa hilo halitoshi peke yake, na kiangazi cha miezi mitano kinadai matangi ya lita 30,000 yaliyojaa siku mvua inapokatika. Wengi hununua tangi la 5,000 na kushangaa.

Kisima kirefu hulipiwa kwa mita, na mchimbaji hulipwa hata akikuta mwamba mkavu. Uliza majirani kina cha visima vyao na wingi wa maji kwa saa. Kama kisima kipo, dai kipimo cha kuvuta maji saa 24 mfululizo, kionyeshe kiwango kilishuka hadi wapi na kilichukua muda gani kupanda tena. Kipimo cha saa mbili kinaonyesha tu maji yaliyokuwa yamelala ndani ya bomba.

Mtambo wa kuchimba ni lori zito. Kama daraja la mbao lililo kilomita tatu kabla ya shamba linabeba tani tano, huna kisima, na wala huna saruji ya kujengea. Ndiyo sababu barabara huja kabla ya maji hata pale maji yanapoonekana.

Barabara ya ndani ina hesabu yake. Kilomita moja yenye upana wa mita 4 na changarawe ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 600. Kwa sababu changarawe hupungua ikishindiliwa, tegemea safari 75 hivi za lori la mita 10. Mteremko wa asilimia 10, yaani kupanda mita 10 kwa kila mita 100, unapitika. Ukivuka 15, lori lenye mzigo huteleza mvua ikinyesha na changarawe yako hushuka na maji msimu wa kwanza. Makalavati ya kipenyo chini ya sentimita 45 huzibwa na majani. Likiziba moja, maji hupita juu ya barabara na kuikata usiku mmoja. Umbali wa kwenda hospitali upime kwa saa, wakati wa masika, siyo kwa kilomita.

3. Ufukwe wa mto au ziwa

Kwa mwekezaji peke yake hii ingekuwa ya kwanza, maana ufukwe hauongezeki na huuzika haraka kuliko pori la nyuma yake. Kwa mkaaji inashuka. Sheria nyingi huacha ukanda wa ulinzi kando ya maji usiojengwa, na kwenye kipande chembamba ukanda huo unaweza kula nusu ya eneo. Mpaka uliotajwa kwenye hati kuwa "mto" huweza kuhama mto unapohama. Tafuta takataka zilizonaswa kwenye matawi na mstari wa tope kwenye magome ya miti: hapo ndipo maji yalifika. Sakafu ikae juu ya alama hiyo, na shimo la maji taka lisikaribie chanzo cha maji chini ya mita 30.

4. Msitu wenye miti ya mbao

Muuzaji huhesabu miti. Wewe hesabu ni nani mwenye haki ya kuikata. Haki ya mbao inaweza kuwa iliuzwa peke yake kwa mtu mwingine, na mkataba wake bado unaendelea. Hata ikiwa ni yako, thamani ya gogo ni bei yake kiwandani ukitoa kukata, kuburuta na kusafirisha, na kwenye msitu wa mbali hesabu hiyo mara nyingi hufika sifuri. Mtake mtaalamu wa misitu apime kipenyo na ujazo kwenye viwanja vya sampuli. Kutazama kwa macho ukiwa barabarani kunakuonyesha ukingo tu, nao ndio mzuri daima.

Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa hiyo nyumba ya kileleni juu ya korongo lenye vichaka iko mahali pabaya kuliko pote, ingawa ndipo penye mandhari. Hesabu gharama ya kusafisha mita 30 kuizunguka nyumba, kila mwaka. Ramani ya moto ya NASA iitwayo FIRMS ni ya bure na inaonyesha mioto tangu 2000. Weka shamba lako katikati uone lilizungukwa mara ngapi.

5. Kipande kilichozingirwa na ardhi ya wengine

Bei yake huwa ya chini sana, na sababu ni moja. Magharibi ya Marekani vipande vya namna hii ni vingi kwa kuwa serikali ya karne ya 19 ilizipa kampuni za reli ardhi kwa miraba ya maili moja iliyopishana, kama ubao wa drafti, na miraba mingine ikabaki ya umma. Kwingineko hutokana na urithi uliogawanywa bila kuacha njia.

Jirani anakuambia, "Pita tu, hakuna shida." Ruhusa hiyo hufa akiuza, akifariki, au mkigombana. Unachohitaji ni haki ya njia iliyosajiliwa juu ya ardhi yake, na isomwe neno kwa neno. Upana uwe angalau mita 6 ili lori lipite na nguzo zisimame. Iseme inafuata ardhi. Iliyoandikwa kwa jina la mtu huondoka naye. Itaje makazi, kwa sababu njia iliyotolewa kwa kilimo inaweza kupingwa siku ukijenga nyumba ya wageni. Itaje mabomba na nyaya. Na iseme nani anatengeneza. Muuzaji akisema haki hiyo hupatikana kirahisi, aipate yeye kwanza, kisha wewe ununue kwa bei ya juu kidogo. Akikataa biashara hiyo, mmeelewana.

Ardhi ifikikayo kwa boti au ndege ndogo tu ina tabia zilezile, isipokuwa hapa adui ni hali ya hewa badala ya jirani. Inafaa kwa mwenye fedha za kutosha kujenga mara mbili.

6. Vipande vya kwenye ramani, vinavyouzwa bila kuonwa

Miraba iliyochorwa jangwani au mlimani, malipo madogo kila mwezi, picha ya machweo. Mfano mkubwa ni California City, iliyoanzishwa 1958 kwenye jangwa la Mojave: mitaa ilichorwa kwa mji mkubwa, na hadi leo sehemu kubwa ya mtandao huo ni vumbi lisilo na nyumba. Kipande kimoja kati ya maelfu yanayofanana hakipandi bei, maana anayetaka kununua ana maelfu ya kuchagua. Ukinunua kwa awamu, angalia hati inakaa wapi. Mikataba mingi huiacha kwa muuzaji hadi senti ya mwisho, na ukikosa kulipa unaweza kupoteza kipande na yote uliyolipa.

Hesabu ya mwekezaji

Bei ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ardhi huongezeka maradufu baada ya miaka 14 hivi. Lakini kodi, mlinzi na ukarabati wa barabara vikila asilimia 2, umebaki na 3, na maradufu inakuja baada ya miaka 23 hivi. Mnunuzi wa pori pia huchukua muda mrefu kupatikana, mwaka au zaidi ni jambo la kawaida. Fedha utakayoihitaji kabla ya miaka mitano isiingie hapa.

Kabla ya kulipa

Wizi wa ardhi ya mbali una mbinu inayojirudia: mwenye hati anaishi mbali, mtu mwingine anajifanya yeye, anauza haraka kwa bei ya chini na hataki kuonana. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili mwenyewe au kupitia wakili wako, siyo kwa nakala aliyokuletea muuzaji. Tafuta rehani, zuio la mahakama, kodi zisizolipwa, na haki za madini, ambazo katika nchi nyingi ni za serikali na kwingine huuzwa mbali na ardhi ya juu. Uliza kama eneo limo kwenye mapito ya wanyama au ukanda wa hifadhi.

Kisha fungua picha za setilaiti. Za Landsat, mpango wa setilaiti wa Marekani, zipo tangu 1972 na ni bure tangu 2008. Tazama masika na kiangazi cha miaka mbalimbali. Vijia vyembamba vinavyokatiza shamba vinamaanisha watu au mifugo hupita hapo, na wataendelea kupita. Nenda ukawaulize wanachunga wapi, wanateka maji wapi, na kama kuna makaburi. Jamii iliyotumia ardhi vizazi vitatu inaweza kuwa na dai lisiloonekana kwenye rejista.

Weka amana kwa wakili, na mkataba useme inarudi kama maji, njia au mipaka havitathibitika. Mipaka usiipime kwa simu: mahali wazi hukosea mita 3 hadi 5, chini ya miti zaidi. Mpima aliyesajiliwa atembee nawe hadi kila jiwe la mpaka, alifukue kama limezama, asome namba iliyochongwa na kuilinganisha na ramani ya upimaji. Kona isiyo na jiwe irudishiwe kwa gharama ya muuzaji, majirani wa upande huo wakiwepo na wakisaini, ndipo salio litoke.