Mitmproxy: tunachungulia gemu linaongea nini na seva

Haya, mambo vipi watu wangu. Kuna swali limenijaa inboksi: "Kaka, zile skripti za kuongeza almasi kwenye gemu zinafanya kazi kweli?" Skripti ni vijiprogramu vifupi, na almasi ni pesa ya ndani ya gemu. Leo tunajaribu hapahapa, kwa programu inayoitwa mitmproxy. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows, Mac na Linux.

Ni proksi, yaani inakaa katikati ya simu na seva, ile kompyuta ya mwenye gemu. Gemu likituma kitu, kinapita kwake kwanza. Unakisoma, ukitaka unakibadilisha, ndipo kinaendelea na safari.

Tazama skrini. Simu na laptopu ziko Wi-Fi moja. Huku nimewasha mitmweb, yaani mitmproxy inayoonekana kwenye kivinjari. Kwenye simu, mipangilio ya Wi-Fi, sehemu ya proksi, nimejaza IP ya laptopu, yaani anwani yake kwenye mtandao, na poti 8080, mlango ambao mitmproxy inasikilizia. Halafu nimefungua mitm.it nikaweka cheti, kinachoifanya simu iiamini mitmproxy. Bila cheti hicho, HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, huisomi.

Hili ni gemu la maswali nililotengeneza mwenyewe, na seva ni yangu. Nimecheza, nimepata 40. Ona ombi hilo linatoka: "alama": 40. Sasa skripti, mistari michache ya Python: ukiona alama, andika 999999. Nahifadhi. Wala siizimi na kuiwasha, inajisoma upya yenyewe. Nacheza tena... mmeona? Naongoza jedwali! Seva imemeza bila kutafuna, na maswali yenyewe yako 50 tu. Hiyo aibu ni yangu niliyeiandika. Kwa mtengeneza gemu, dakika kumi na chombo hiki zinatosha kukuonyesha mlango uliousahau wazi.

Sasa almasi. Ukibadilisha jibu linalorudi kutoka seva, simu itakuandikia almasi milioni, kweli kabisa. Nenda duka la ndani ya gemu ukanunue hata kofia: inagoma. Ni kama kuhariri meseji ya salio, halafu uende kwa wakala kutoa hela. Daftari analo mwenye seva. Hao wanaowauzia skripti wanawaonyesha picha ya skrini basi. Tena wewe ukiweka cheti cha muuzaji huyo na kupita kwenye proksi yake, nywila zako anaweza kuzisoma kama gazeti.

Kasoro zipo. Tangu Android 7, mwaka 2016, programu nyingi hazikubali cheti ulichoweka mwenyewe, kwa hiyo magemu mengi yatakukatia mawasiliano tu. Na mechi za kufyatuliana risasi mara nyingi husafiri kwa UDP, njia nyingine ya kutuma data, ambayo proksi ya Wi-Fi haiigusi. Toleo la 9 la mitmproxy lilileta njia ya WireGuard, aina ya VPN, inayoinasa, ila utakachoona ni baiti zilizovurugana. Na ukijaribu haya kwenye gemu la watu, akaunti inaweza kufungwa. Usije kunililia kwenye komenti.

Halafu ukimaliza, toa proksi kwenye simu. Nakwambia kwa sababu mimi nilifunga laptopu nikalala. Asubuhi simu haina intaneti. Nikazima modemu, nikawasha, nikaitukana, mwisho nikamwita fundi. Kaja na ngazi begani. Akaunganisha simu yake: video zinacheza vizuri tu. Akaniangalia. Nikatoa nauli yake kimyakimya.