Sisilia: Dragoni au Najdorf kwa Mweusi?
Katika sataranji (chess), Sisilia ni ufunguzi ambapo mweupe anaanza na e4 na mweusi anajibu c5 (herufi na namba ni jina la mraba). Njia panda ni hatua ya tano ya mweusi: g6 ni Dragoni, a6 ni Najdorf. Dragoni hujifunzwa haraka: askofu g7, ngome c8, kisha unaitoa ngome kula farasi wa c3. Raha tupu! Lakini mweupe akimficha mfalme upande wa malkia na kusukuma h4, kosa moja linakumaliza. Hata hivyo Kasparov alimshinda Anand kwa Dragoni katika mechi ya ubingwa wa dunia New York, 1995.

Najdorf, silaha ya Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, inastahimili zaidi, ila majibu ya mweupe ya Bg5, Be3 na Bc4 (B ni askofu) kila moja inadai kusomwa upya mara kwa mara. Ukicheza mechi za dakika tano, Dragoni. Ukiwa na mashindano marefu na muda wa kusoma, Najdorf.