Dola taslimu au kadi ya benki: kupata dirhamu Dubai

Mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam kwenda Dubai kununua bidhaa ana njia mbili za kupata dirhamu, sarafu ya huko: kubeba dola taslimu na kuzibadilisha katika maduka ya fedha ya Deira, eneo la biashara la Dubai, au kutoa fedha kwa kadi kwenye mashine ya ATM. Kwa manunuzi makubwa naipa dola nafasi ya kwanza, kwa kuwa tangu 1997 dola moja imewekwa kuwa sawa na dirhamu 3.6725, na hivyo msafiri anaweza kukadiria atakachopata kabla hajapanda ndege, ilimradi noti zake ziwe safi na hazijachanika. Hata hivyo, zikiibwa zimekwenda, na anayeingia na fedha zenye thamani ya zaidi ya dirhamu 60,000 hulazimika kuzitolea taarifa forodhani.

Kadi humpunguzia hofu hiyo, lakini benki yake hukata ada, na mara nyingi mwenye mashine naye hukata yake. Tena mashine ikimuuliza kama akatwe kwa shilingi au kwa dirhamu, tafadhali achague dirhamu, kwani kiwango cha shilingi kinachoonyeshwa pale kwenye kioo kwa kawaida huwa kimekwisha kuongezewa faida.