Chrome Inaokoa RAM, Bando Unalipa Wewe

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina laptop ya mtumba, RAM GB 4, na humo Chrome imefunguliwa vichupo 22. Wengine mnaziita tabu, na kwa mashine hii kweli ni tabu tupu.

Tunaangalia Memory Saver, kipengele cha Chrome kinachotupa kwenye RAM vichupo usivyovitumia, kile kilichotangazwa Desemba 2022. Ila kazi yenyewe ya kutupa vichupo Chrome inaifanya tangu 2015. Twende tukaione. Kwenye upau wa anwani naandika chrome://discards. Mnaona? Kila kichupo kina mstari wake, na pembeni kuna pa kubonyeza ukitaka kukitupa mwenyewe. Natupa hiki cha habari. Angalieni juu: jina lipo, nembo ipo, kama vile hakijaguswa. Lakini nikibonyeza Shift na Esc, kwenye orodha ya kazi za Chrome (Task Manager) hakipo tena. Limebaki ganda tu, na RAM yake imerudi.

Sasa nakirudia. Kinazunguka... kinazunguka... Hapo ukurasa unapakiwa upya. Vipande vingine vinatoka kwenye akiba iliyoko diski, vilivyobaki vinaombwa mtandaoni, yaani bando lako. Mwenye waya wa fiba nyumbani hata hastuki. Wewe wa hotspot ya simu, utahisi.

Ngoja nizime data kabisa. Nabonyeza kichupo kingine kilichotupwa, hiki cha ratiba ya mabasi. Haya, huyo dinosaria, mchoro wa Chrome wa kukuambia huna mtandao! Ratiba nilikuwa nayo asubuhi, sasa sina.

Chrome haitupi ovyo, tuiseme haki yake. Kinachopiga muziki, kinachopakua faili, chenye fomu uliyoijaza nusu, vyote inaviacha. Kivinjari cha Edge nacho hukilaza kwanza kichupo: kinaacha kusumbua prosesa ila bado kimo kwenye RAM, kwa hiyo ukikiamsha kinafunguka palepale bila mtandao. Nafuu ya RAM ni ndogo zaidi, bila shaka. Firefox kwenye Windows, tangu toleo la 93 la mwaka 2021, husubiri mpaka RAM ikaribie kuisha ndipo ianze na kile ulichokiacha siku nyingi. Mimi busara hiyo ndiyo ninayoipenda. Kwa nini unitupie kitu wakati nafasi ipo?

Kwenye Chrome nenda Mipangilio, kisha Utendaji. Memory Saver ina ngazi tatu. Chukua ile inayookoa RAM kidogo kuliko zote, inayofuata mahitaji ya mashine. Kwenye mashine ya GB 4 usiizime Memory Saver kabisa, utalia. Hapohapo chini kuna orodha ya tovuti zisizoguswa: mimi nimeweka barua pepe na ukurasa wa kazini, basi. Ratiba ya basi ihifadhi kama PDF kabla hujatoka nyumbani.