Hifadhi ya Taifa Arusha kwa siku moja: anzia Momella, Ngurdoto ije baadaye

Anayetafuta simba asipoteze mafuta kuja huku, hawapo. Chui na fisi wapo, ila mchana ni bahati kuwaona. Hifadhi hii inajiuza kwa jambo jingine: unashuka garini na kutembea kwa miguu kwenye malisho ya nyati na twiga, askari mwenye bunduki akitangulia, na usiku unalala kwako Arusha au Moshi. Njiapanda ipo Usa River, kwenye lami ya Arusha–Moshi, halafu unapandisha hadi lango la Ngongongare.

Kinachoharibu siku za wageni wengi ni ratiba. Kwa kuwa Ngurdoto, kreta ya volkano iliyozungukwa na msitu, iko karibu na lango, madereva huanzia huko. Asubuhi msitu ule mara nyingi umefunikwa na ukungu, na mtu anasimama ukingoni mwa kreta yenye upana wa kilomita 3 hivi asione hata mti wa chini. Saa hizohizo, kule kwenye maziwa ya Momella, Kilimanjaro iko wazi, na kufika saa nne mawingu huwa yameshaivaa. Kwa hiyo ingia lango likifunguliwa saa 12 asubuhi, pita Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi ambako pundamilia na nyati hulisha karibu na barabara, na uende moja kwa moja maziwani.

Maziwa ya Momella ni saba. Yalijaa kwenye mabonde yaliyoachwa na tope na mawe pale ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulipoporomoka, maelfu ya miaka iliyopita. Maji yake ni ya magadi, lakini si sawa: kila ziwa lina kiwango chake cha chumvi, ndiyo maana mwani hutofautiana na rangi ya maji pia. Heroe hufuata mwani huo. Maji yakibadilika, wanahama, kwa hiyo usiwaahidi watoto kwamba watakuta ziwa la waridi. Kupiga kasia kwenye Momella Ndogo hulipiwa peke yake. Inafaa, hasa kabla upepo haujaanza.

Kutoka lango la Momella omba askari wa kukutembeza hadi maporomoko ya Tululusia, yenye urefu wa mita 28. Vaa viatu vilivyofunga kifundo, maana udongo wa majivu huteleza ukilowa. Askari akisema simama, simama. Nyati dume aliye peke yake ni mkorofi kuliko kundi zima.

Mchana ndipo upande Ngurdoto. Hapa ndipo hifadhi ilipoanzia mwaka 1960, ikiitwa kwa jina la kreta hii. Meru iliongezwa 1967. Kushuka chini hairuhusiwi, sakafu wameachiwa wanyama, na binafsi naona ni uamuzi mzuri kuliko yote ya hifadhi hii. Unatazama kutoka juu tu, hivyo darubini ni lazima, la sivyo nyati watakuwa madoa meusi. Njiani inua macho kwenye miti mirefu: mbega wanakaa huko juu, mkia mweupe ukining'inia kama pindo la kanga, na mkono wenyewe hauna dole gumba. Noah inafika kiangazi. Wakati wa masika njia ya ukingoni inataka gari linalovuta matairi yote.

Langoni hawapokei fedha taslimu. Lipia mapema kwa kumbukumbu namba au beba kadi, maana mtandao ukilegalega foleni inaganda. Maji ya kunywa toka nayo mjini, kwani ya ukanda huu yana floridi nyingi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chakula kifungue ndani ya gari, nyani hawaombi.

Kupanda Meru yenyewe, mita 4,566, ni safari ya siku 3 au 4 kupitia vibanda vya Miriakamba na Saddle. Wenye haraka huchagua siku 3 na wengi huugua kichwa usiku wa kilele; siku ya ziada, ukiitumia kabla ya kilele kupanda Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani, na kurudi kulala Saddle, mwili unazoea kimo.